Karamu ya Kibogoyo

Jumanne daktari alimng'oa mama meno sita,
akamjaza pamba na masharti:
asitafune, asisukutue kwa nguvu, asiongee.
Asiongee! Mama Godelieve,
aliyewahi kumwandikia padri barua tatu
kwa sababu kengele ya kanisa ilitangulia saa yake ya ukutani.

Basi ameketi jikoni kwetu, ghorofa ya tatu, mjini Gent,
shavu limeumuka kama unga wa mkate,
mwiko mkononi.
Ko. Ndiyo.
Ko-ko. Hapana.
Ko-ko-ko: mpumbavu we, Wannes.

Mimi ni dereva wa tramu.
Najua kusimama taratibu, bibi asianguke na kapu lake.
Mayai siyajui.

Chokoleti nyeusi, gramu mia mbili.
Naikata kwa kisu, inalia kavu
kama kijiti kilichokanyagwa asubuhi ya barafu.
Bakuli juu ya sufuria, maji chini yananong'ona tu,
yasiliguse. Ko.
Vipande vinalegea kingo kwanza,
kisha matumbo,
kisha vinasahau kwamba viliwahi kuwa vipande.
Nikajisifu. Nikainama kunusa.
Tone moja la mvuke likadondoka kutoka kwenye mwiko wangu,
tone, si zaidi,
na ile hariri ikashikana, ikagoma,
ikawa tope la kando ya mfereji.

Ko-ko-ko.

Nikashuka ngazi na mvua ya Novemba,
nikapanda ngazi na chokoleti nyingine.
Hakuniangalia. Alikuwa amekwisha kausha bakuli.

Ute wa mayai unataka mkono usiochoka.
Mwanzo ni mapovu ya sabuni, unaona aibu kuyapiga.
Kisha yanakuwa wingu jembamba. Bega linawaka.
Kisha, hujui ni pigo lipi,
vilele vinasimama vyenyewe.
Nikalipindua bakuli juu ya kichwa changu,
kama alivyofanya yeye nilipokuwa na miaka sita,
nami nimefumba macho, nikingoja kulowa.
Halikumwagika.
Mama akataka kucheka, akalishika shavu.

Sasa usipige. Changanya kwa kukunja.
Anachora hewani kwa mwiko: chini, kando, juu,
mkono ule ule uliokuwa ukinifunika shuka
bila kuniamsha.
Nyeupe inaingia katika nyeusi,
inaacha mistari, inapotea.
Nikitaka kuongeza mzunguko mmoja,
Ko-ko.
Pumzi iliyomo humo ndiyo chakula chenyewe.

Cheri ni za mti wa mjomba Firmin,
zimelala chupani tangu Julai.
Nazitoa kokwa kwa pini ya nywele,
vidole vyangu ni vya mchinjaji,
nazisaga, nazichuja, nazichuja tena,
maana ganda dogo tu lingeamsha vidonda vyote sita.
Uchachu wake unavuta masikio.
Nikamimina chini kidogo, povu juu yake,
katika vikombe vya kahawa, kwa kuwa bilauri hatuna.
Vikombe vitano: viwili vyetu,
vitatu vya dada Liesbet na watoto, kesho mchana.

Kisha friji, na muda wa saa nne.
Inanguruma, inanyamaza.
Mama ameikodolea macho
kama abiria aliyeambiwa tramu imechelewa
na dereva amekaa naye benchi moja.
Saa tatu usiku nikamlazimisha kulala.

Saa tisa za usiku, mwanga chini ya mlango.
Namkuta pekupeku, gauni la kulalia,
mlango wa friji wazi, baridi inamwagika miguuni pake.
Kikombe chake kitupu. Changu kitupu.
Cha Liesbet kiko mkononi, kimefika nusu,
na midomo yake imepakwa wekundu na weusi
kama ya mtoto aliyekula udongo wa bustani.

Akakigonga kikombe kwa kijiko.
Ko.

Nikasubiri, nimesimama na soksi moja.
Akameza. Akavunja amri ya daktari,
maneno yakipita kwenye mapengo kama upepo dirishani:
"Chumvi," akasema. "Umethahau chumvi."
Akachota tena.