Betri za Saa ya Ukutani

Baiskeli ililetwa na gari la posta, Kajaani, mwezi wa pili,
ndani ya sanduku lenye theluji kwenye pembe.
Mwanangu Petri ameilipia kutoka mbali,
kama anavyolipia kila kitu.
Kijitabu cha maelekezo kina lugha tisa,
yetu ya mwisho, imeandikwa na mtu
aliyeisikia mara moja tu, redioni.
"Tafadhali kalia tako lako kwa usalama," kinasema.
Nikalikalia.

Goti langu la kulia ni jipya, la chuma, la tangu Novemba.
Joonas wa hospitali, kijana asiyeota ndevu bado,
amesema dakika kumi na mbili, ugumu namba mbili,
usiguse tatu mpaka nikuambie, mama.
Kirungu kina namba hadi nane.
Hiyo nane naitazama
kama mtu anavyotazama chupa iliyofichwa juu ya kabati.

Kioo kilikuwa kimelala. Kilitaka betri mbili
na duka liko kilomita tisa, na barabara yote ni barafu.
Moja nikaichomoa kwenye saa ya ukutani,
moja kwenye rimoti ya Aulis, ile nene ya zamani.
Saa ikasimama saa nne na dakika ishirini.
Aulis akabonyeza, akabonyeza, akaitikisa rimoti,
akauliza kama serikali imeanguka.

Kitufe ni kimoja, chekundu, kina kazi tano:
ukikigusa kinahama, ukikishikilia kinafuta.
Hilo nililijua baada ya kufuta.
Muda. Mwendo. Umbali.
Kisha KAL, nikadhani wanamsema Kalervo wa nyumba ya pili,
kumbe ni hesabu ya andazi la mdalasini:
dakika zangu zote kumi na mbili, jasho na kuhema,
ni ncha yake tu, ile iliyoungua.
Cha tano ni moyo mdogo wa kuchora. Unapepesa. Hauna namba.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni;
hizi zangu hata ukingo hazina.
Nimekwenda kilomita tatu na nusu
na kabati la vyombo halijasogea.
Nikishuka kunywa maji, nikakawia dakika nne,
kioo kinazimika na kusahau yote.
Sikikasirikii.
Mimi nimesahau safari ndefu kuliko hizo.

Wiki ya pili Aulis aliacha kununa.
Akavuta kiti, akaketi kando yangu,
akawa anasoma namba kwa sauti
kama mtangazaji wa mbio za farasi:
"Kumi na nane! Kumi na tisa! Anachoka huyu,
Helvi anachoka, jamani!"
Namwambia anyamaze. Nakanyaga zaidi.

Moyo tu ndio uliogoma.
Mishikio ina vipande viwili vya bati, uvikamate vyote,
na vidole vyangu ni vya baridi, havisomeki.
Sifuri. Sifuri. Vistari viwili.
"Umekufa," akasema Aulis, "na kahawa hujapika."
Akaukamata mshikio wa kushoto
kwa mkono wake wa kupasulia kuni;
mimi nikabaki na wa kulia.
Mikono mingine miwili haikuwa na pa kukaa,
ikashikana.

Kioo kikawaza. Kikapepesa.
Kikatoa sabini na moja.

Ya nani?
Aulis akasema yake, nikasema yangu.
Kijitabu hakisemi, kwa lugha yoyote kati ya tisa.
Miguu yangu ilikwisha kusimama,
dakika nne za kusahau zilikuwa zimeanza,
na hakuna aliyeachia.
Sabini na mbili. Sabini na moja.
Halafu kiza, kama kawaida yake.

Jumamosi Kalervo alituletea betri, pakiti ya nane,
akaikodolea macho saa yetu, akacheka.
Zimo kwenye droo, na karatasi yake.
Habari za dunia tutaziuliza kwake.
Kwetu bado ni saa nne na dakika ishirini,
na mtangazaji ameshavuta kiti.