Kubisha

Saa sita na dakika kumi, ghuba ya Kaazi.
Boti ya waamuzi imetia nanga, inanuka petroli na sambusa.
Saa mbili za kuhesabia zinaning'inia shingoni mwangu:
moja ya klabu,
moja ya marehemu baba, fundi redio wa Bombo,
ambaye hakuiamini saa ya mtu mwingine.

Upepo unatoka kusini, kwenye maji mapana,
na boya tumelitia huko huko unakotoka.
Hakuna chombo kitakacholifuata moja kwa moja.
Lazima ubishe: kushoto, kulia, tena kushoto,
kama mtu anayemdai shemeji yake.

Na ni mashemeji kweli.
Kaka yangu Nasur ana mashua ya mwili mmoja,
mbao za mvule, aliinunua kwa daktari wa meno wa Jinja
aliyechoka kuikwangua.
Mume wangu Kateregga ana ile ya miili miwili,
nyeupe, nyembamba, mguu huku mguu kule,
katikati wavu kama kitanda cha kamba.
Miaka mitatu wamebishana mezani mwangu, wali ukipoa.
Leo wakabishe majini.

Bendera imeshuka.

Pacha inaruka. Mwili wa goshini unanyanyuka, unakauka juani,
Kateregga amelala hewani kwa waya, mgongo ukichota povu,
na hata mimi, mwamuzi, nasahau kumeza mate.
Lakini tazama inakoelekea.
Kasi yake inaivuta pembeni.
Akiikaza omo karibu na upepo inakata pumzi,
tanga linapiga makofi pasipo harusi.
Basi anaiachia, iende, mbali, mpaka Bulingugwe,
njia ndefu kwa mbio ndefu.

Nasur hana mbio.
Ameinama na mkuku wake, anaupanda upepo
kama mpagazi apandaye ngazi na gunia la mihogo:
kidogo,
kidogo,
lakini kila hatua ni ya juu.

Anageuza. Sekunde nne, tanga limeshajaa upande wa pili.
Kateregga anageuza: pacha inasimama
macho kwa macho na upepo,
miili miwili, kila mmoja ukimngoja mwenzake aanze.
Inarudi kinyumenyume. Nahesabu kumi na tisa.
Namsikia akitukana kwa Kiganda, lugha anayoitunzia mashine.
Kisha inashika, na kuondoka tena
kana kwamba haikuwahi kusimama.

Wanapishana mbele yetu, karibu watemeane mate.
Hawasalimiani.

Mzunguko wa pili gugu-maji linamnasa Nasur kwenye mkuku,
shada zima, na maua yake ya zambarau,
analiburura mita mia kama bibi harusi asiyetaka kwenda.
Kateregga anakata mstari wa kwanza.
Nabwire anapuliza tarumbeta.
Huko ufukoni watu wa pacha wanaanza kucheza.

Ngojeni.
Kila chombo kina namba yake kwenye jedwali,
na namba humkata mwenye mbio, humwongeza mzito.
Namngoja kaka. Anafika, shati limemganda, hatazami mtu.
Vidole gumba viwili vinabonyeza saa mbili.
Nabwire anazidisha, anagawanya, analamba penseli.

Saa ya klabu: Nasur, kwa sekunde mbili.
Saa ya baba: Kateregga, kwa moja.

"Tuandike ipi, dada?"

Baba alikuwa akisema umbali haupimwi kwa kamba tu.
Alisema mengi. Mengine alikuwa na homa.
Sheria iko ukurasa wa tisa: saa ya klabu.
Naandika Nasur. Mwandiko wangu unapinda kuelekea kulia.

Wanakuja wote wawili kwa miguu, magoti majini,
tayari wanabishana, tayari mikono iko juu,
na saa ya baba nimeivua, nimeitia mfukoni,
pajani inabisha, inabisha,
kama mgeni anayejua
kuna mtu ndani.