Picha ya Kwa Mama Shukuru

Inaning'inia juu ya ndoo ya kunawia, Keko Magurumbasi,
msumari mmoja, imeinamia kushoto
kama mlevi anayesikiliza umbea.
Ukiinyoosha, mwenye banda anakugombeza:
"Iache! Alivyoitundika ndivyo inavyokaa."

Aliichora Nampunju, mpiga vanishi wa vitanda,
kwa rangi za kukomba kwenye makopo ya watu,
akalipia deni la sahani kumi na nne.
(Mama anasema kumi na sita.)

Haya, tazama.
Benchi moja, mafundi sita, makalio manne.
Wawili wa mwisho wamekaa kwa imani.
Ugali mkubwa kuliko mlango wa banda,
nani aliuingiza, Nampunju hakusema.
Paka chini ya meza kavaa kandambili, ya kulia tu.
Dagaa wote wana macho
na macho yote yanakodolea kipande kimoja cha nyama.
Mwenye shati la bluu ananyoosha kidole darini,
mdomo wazi, unamsikia kabisa: "Oneni, mjusi!"
Wenzake shingo juu.
Mkono wake wa pili uko safarini.

Na nyama yenyewe haikupakwa rangi.
Ubao mtupu, mweupe.

Kibwana wa randa anasema kopo jekundu liliisha, basi.
Chikoti, aliyefika kidato cha sita na hatusahaulishi,
anasema ni fumbo: mnyonge nyama huiwaza, haioni.
"Fumbo la nani?" Mama anamkata, mwiko mkononi.
"Hayo ni mafuta. Nyama yangu mimi ina mafuta."
Mimi huwa nacheka tu na yule mwizi wa bluu.
Miaka miwili nacheka naye.

Alhamisi iliyopita, tarehe ishirini na saba,
mteja wa kabati kanizungusha tangu Jumatatu,
nikaagiza ugali na mchuzi. Mchuzi peke yake.
Nikainama nile upesi, maranda bado kwenye nyusi.
Kibwana, pembeni yangu, akaruka:
"We! Mjusi!"
Nikatazama juu. Bati, na kutu yake.
Niliporudisha macho
kipande cha nyama kimekaa katikati ya mchuzi wangu
kama mgeni aliyekuja bila hodi,
na Kibwana anahangaika kutafuta chumvi,
chumvi iliyo mbele yake.

Sikushukuru. Angekana.
Nikaiinulia picha macho, nikautafuta ule mkono.
Vidole vimefumba kidogo.
Kumbe hata siku moja hatukuulizana
kama unakwenda kwenye sahani
au ndio unatoka.

Nikatafuna taratibu.
Kutoka jikoni, Mama Shukuru, daftari wazi, kalamu sikioni:
"Jamani, hiyo nyama namwandikia nani?"