Vipimo vya Mwanamke wa Ibra

Saa nane mchana, Mabela. Lami imelainika,
paka wote wamejificha chini ya magari.
Sleyum kakaa mbele ya mashine ya kufulia,
miaka thelathini na mitatu, ndevu nimemnyoa jana,
anatazama nguo zikizunguka
na kila kanzu ikipita kiooni anaiamkia: shikamoo.

Simu. Namba nisiyoijua.
"Fundi Rayya? Miye wa Ibra. Ile nguo ya Idi."

Mie si fundi. Sindano yangu ya mwisho
ilivunjikia kwenye kifungo cha kanzu yake,
kifungo ambacho baadaye alikimeza.
Ningesema: samahani, umekosea namba.
Lakini tangu Jumatatu hakuna aliyeniita
kwa jina lolote, liwe langu au la mwingine.
Nikasema: ndiye. Haya, nipe vipimo.

Akanipa. Bega. Kifua. Kiuno, kwa aibu kidogo.
Mikono iishie kiwikoni au kifundoni?
Kifundoni, nikamshauri,
majumba ya watu siku hizi baridi kama friji.
Akacheka. Yarabi, alicheka,
nikakiandika kicheko pamoja na inchi
nyuma ya boksi la dawa ya kifafa.

Si kwamba watu hawanisifu.
Siku ya tatu ya matanga ya mama, kahawa mkononi,
shangazi Ghaniya alisema:
"Mwanangu, pepo yako imo humu humu ndani."
Wote wakaitikia, wakajitanda mabuibui,
wakawasha magari.
Mie pepo sikuiulizia.
Nilitaka mtu akae naye saa mbili, nilale.

Kadi za harusi bado zinakuja, zina dhahabu pembeni.
"Njoo, mwaya, ila..."
Hiyo *ila* naujua urefu wake
kuliko kitambaa chochote.

Na usiku mwingine naingia garini, palepale bandani,
nafunga mkanda, siendi popote.
Dakika sita, saba.
Kisha kioo kinagongwa: Sleyum,
kashika kiatu changu kimoja, kaniletea
nisije nikasafiri peku.

Kila magharibi huuliza: "Mama karudi?"
Tangu mfungo mosi, kila magharibi.
Mwanzo nilimwambia kweli,
akalia kila siku upya,
kama habari ndiyo kwanza inabisha hodi.
Siku hizi nasema: bado.
Neno dogo. Linatuvusha mpaka asubuhi,
na mie ndiye ninayelibeba.

Dakika kumi na mbili tulizungumza, mwanamke wa Ibra na mie:
bei ya lasi, mkwewe, goti lake la kushoto.
Kabla ya kukata akasema,
"Fundi, una sauti ya mtu aliyelala vizuri."

Mashine ikasimama.
"Nani?"
Mteja, nikamjibu Sleyum.
Akalirudia neno mara nyingi, akilionja,
huku akinisaidia kuanika soksi, moja moja,
kila moja mbali na mwenzake.

Adhana ilipoingia
nilikuwa nimeshaliweka *bado* mdomoni.
Akaja na boksi la dawa, kaligeuza nyuma,
kidole juu ya mwandiko wangu.
"Mteja kapiga?"

Sina kitambaa. Sina cherehani.
Nikavuta droo ya mama,
nikaanza kutafuta futikamba.