Milango ya Ulaya

Siku ile karakanani Langoni mkalimani nilikuwa mimi,
kwa ujira wa soda moja na ahadi.
Bi Harieti alikizunguka kiti cha enzi mara tatu,
akagusa njumu, akagusa kamba za mgongoni,
akasema kwa Kiingereza cha kwao, taratibu,
kama mtu anayeweka yai juu ya sahani:
"Kinavutia. Kinavutia kweli."
Nikatafsiri neno kwa neno.
Fundi Famau akaweka msasa chini, akamshukuru Mola.
"Nitakifikiria," akaongeza mama wa watu,
na tabasamu lake likatoka mlangoni kabla yake.

Miezi minne kiti kimelala chini ya leso.

Halafu akaja Daga wa Australia, kaptula na vumbi:
"Rafiki yangu, mguu huu umepinda."
Lugha ile ile! Kamusi moja!
Mmoja kalifunika shimo kwa jamvi,
mwenziwe anakuita uje ulichungulie.
Mate yakanikauka.
Nikatafsiri: "Anauliza kama mguu ni wa mninga."
Fundi hakuniangalia. Alimmiminia kahawa, akamkatia halua:
"Mwambie, inshallah nitautazama."
Daga akaondoka akihesabu siku kwa vidole,
hajui kuwa inshallah ile
imeshatia komeo.

Nilicheka njia nzima. Kisha nikaacha kucheka.

Maana watu wa Shela walipoleta posa ya dadangu,
mama alisema, "Mtoto angali anasoma,"
na cheti cha Mwana Esha cha kumaliza chuo
kimetundikwa pale pale, juu ya vichwa vyao.
Wageni wakakitazama.
Wakasifu sambusa.
Wakaaga vizuri, hata kanzu hazikukunjika.
Uso umeumbwa na haya, tunasema sisi;
lakini nani alimfundisha mama
Kiingereza cha Bi Harieti?

Jana Fundi kaniuliza, macho kwenye randa:
"Yule mama... hasa alisemaje?"

Neno nilikuwa nalo. Lilinikaa ulimini
kama punje ya chumvi ya mawe.

"Alisema mlango wa kwao mwembamba. Kiti hakipiti."

Akapitisha dole gumba mguuni, polepole,
mpaka pale palipopinda. Hapo likatulia.
"Maskini," akasema. "Milango ya Ulaya hiyo."

Akanyoosha mkono nimpe msumeno.