Asilimia Sabini na Tatu

Imegota tena palepale,
sabini na tatu,
kamstari ka kijani kamesimama kama foleni ya Mbagala
na mimi nimeshika kiuno, jasho linanitoka,
feni ya dari nimeizima
ili umeme wote uende kwa mgonjwa.

Chausiku Mbonde ananiuliza kwa mara ya nne,
"Fundi Nyenza, itapona?"
Kwenye kioo cha mlango wake zimebandikwa
picha za pasipoti za watu wasiorudi kuzichukua.
Kesho asubuhi watoto wa Temeke watapanga mstari hapa
na fomu zao za mkopo wa chuo,
naye hana mashine nyingine.

Mara ya kwanza nililaumu Luku.
Uniti zilikwisha, skrini ikafumba jicho,
tukachangishana elfu mbili,
tarakimu ishirini tukaziingiza kwa tochi ya simu.
Umeme ukarudi. Sabini na tatu.

Mara ya pili nikalaumu flashi,
ya buku nane, ya Kariakoo,
mgongoni imeandikwa giga thelathini na mbili
na tumboni ina nne, tena za kukopa.
Nikaazima ya mpwa wangu Shamte. Sabini na tatu.

Mara ya tatu nikaifungua.
Vumbi la miaka kumi na sita,
mende mmoja mkavu, pini ya nywele,
na bizari. Bizari sijui ilifikaje.
Nikachomoa kumbukumbu, nikayasugua meno yake ya dhahabu
kwa kifutio cha penseli, taratibu,
nikairudisha mpaka ikasema ta!
Mgonjwa haulizwi uji, wanasema.
Huyu nimemuuliza kila kitu
ananijibu namba ileile.

Nikatoka nje, nikanywa kahawa, nikatafuna kashata.
Muuza kahawa akaniuliza saa. Nne, nikasema.
Akabisha: yake inasema tatu.

Saa.

Nikarudi mbio.
Chini kwenye kona, herufi ndogo kama mayai ya chawa:
Januari mosi, elfu mbili na tatu.

Kumbe huyu kila akizimwa husahau,
akiamka anaanza mwaka uleule,
na mimi namletea mfumo uliotiwa saini juzi.
Anaitazama saini, anaitazama kalenda yake,
anasema kwa adabu zote:
cheti hiki ni cha siku ambayo haijafika.
Na mimi tangu magharibi namwita mbishi.

"Elfu mbili na tatu," anasema Chausiku,
"nilikuwa Kilwa, darasa la tano,
kompyuta naiona kwenye kalenda ya benki."

Betri ya saa, kiduara kama sarafu,
nikaing'oa kwa ukucha. Ilikufa zamani,
ukingoni imeota kutu.
Mpya ni elfu moja na mia tano kwa Ndomba,
anayetengeneza saa za mkononi chini ya ngazi;
alikuwa ameshafunga, tukamgongea kwake.
Akafungua amevaa msuli, akauliza nani kafa.

Sabini na nne.
Chausiku akapiga kofi moja, la pili akalizuia,
asije akatia mkosi.
Themanini. Themanini na nane ikakaa dakika kumi na moja
nami sikupepesa jicho.
Mia.

Sitadanganya, hajapona wote.
Spika ni bubu. Mtandao haupati mpaka umchomeke waya.
Akiwaka anakohoa.
Lakini herufi zinatoka, na printa imemkubali.

Watu wengi wakijaribu mashine huandika majina yao.
Chausiku aliandika:

KOPI SH. 100
KUSKANI SH. 500
FOMU ZA MKOPO ZIPO

akaibandika mlangoni usiku uleule
juu ya nyuso za wale wasiorudi,
kisha akanihesabia hela yangu, pungufu ya buku.
Nitaifuata kesho, nikasema,
na chini kwenye kona, nikiitazama,
tarehe ikageuka.