Kisogo

Tulijiandikisha wawili, mimi na Goda,
kwa kalamu moja, mezani kwao, mwezi wa tatu.
Mwezi wa sita baba yake akapata kazi Bergen,
nami nikapanda treni na begi langu
na mkate ambao mama aliukatia watu wawili,
kwa mazoea tu.

Kambi ya makasia, ziwa Galvė, siku kumi.
Chumba namba sita, vitanda vinne.
Wenzangu watatu walijuana tangu mwaka jana:
walikuwa na vichekesho vyenye mkia mrefu,
mmoja akiugusa mkia, wote wanaanguka,
nami nacheka pia, nimechelewa kidogo,
kama apigaye makofi wimbo umekwisha.

Jioni, supu baridi ya bitiruti,
ya waridi mno, kama dawa ya meno ya watoto.
Nilihesabu vipande vya shibiti. Ishirini na saba.
Ukiwa peke yako mezani
unakuwa mtaalamu wa bakuli lako.

Asubuhi Kocha Vidmantas hakuuliza nani anamjua nani.
Alitutazama mabega na urefu wa miguu
kama seremala achaguaye mbao,
akasema: wewe, na wewe.
Ndivyo nilivyopewa kisogo cha Jogailė.

Nasema kisogo kwa kuwa sikupewa zaidi.
Katika mashua ya wawili unakaa nyuma ya mwenzako,
unatazama anakotazama yeye,
na nyote mnakwenda msikokuona.
Kumpa mtu kisogo ni kumkataa, nilifunzwa hivyo.
Huyu alinipa chake saa nne kwa siku,
bila chuki, bila hata kujua anampa nani.

Nikakisoma. Msuko mmoja, umefungwa kwa uzi wa kiatu.
Fulana ya kaka yake, lebo imechomoza:
fua kwa maji baridi.
Kovu jeupe, jembamba, penye mwisho wa nywele.
Akichoka, sikio la kushoto hutangulia kuwa jekundu,
nami nikajifunza kuongeza nguvu kabla hajaomba.
Yeye alinijua kwa pumzi tu
na kwa maji niliyommwagia mgongoni.

Siku ya tatu ziwa likalidaka kasia langu,
mpini ukanipiga tumboni, mashua ikatutema.
Nilipoibuka niliuona uso wake, kwa mara ya kwanza karibu:
mdomo mpana, pengo, gugu la maji juu ya nyusi.
"Samahani," nikasema. "Samahani. Samahani."
"Ya kwanza nimeisikia," akasema. "Soksi yangu iko wapi?"
Tuliitafuta hadi kengele ya chakula.
Iko huko mpaka leo.

Usiku huo, ngazini, alinitoboa malengelenge
kwa sindano aliyoipitisha kwenye kiberiti.
Sikukusudia kumweleza habari za Goda.
Nilimweleza.
Hakusema pole. Alisema, "Bergen mvua hainyamazi,"
akadai mkono wa pili.

Siku ya kumi kocha akasema: badilishaneni viti.
Mbele yangu sasa hapakuwa na mtu,
tezi ya mashua tu, na maji yakijifunga,
na ngome ya matofali mekundu ikizidi kuwa ndogo.
Nyuma yangu, pumzi.
Niliionea haya shingo yangu
kama chumba nilichosahau kufagia, na mgeni ameshaingia.

"Una baka nyuma ya sikio," akasema.
"Kama punje ya kunde. Unajua?"

Sikujua. Miaka kumi na minne.
Goda hakuwahi kuniambia;
sisi tulitazamana usoni siku zote.

"La kulia au la kushoto?"
"Piga kasia," akasema,
na papo hapo tukagonga boya.

Kwenye treni ya kurudi Šiauliai
nilipapasa masikio yote mawili.
Baka halina ukingo, kidole hakilioni.
Itabidi nimwamini.